Mteremko Unaanzia Wapi

Leemdal, 12 Februari 2018

Kaka Ghislain,

Umenikatia simu wiki iliyopita na jana umenikatia tena, kwa hiyo nimechukua kalamu. Barua huwezi kuikata nikiwa katikati ya sentensi. Ukitaka kuichana, ichane, lakini mpe kwanza wifi Josiane aisome, maana yeye angalau ana masikio.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Kabla hujapanda viazi mwezi wa nne, acha ukanda wa nyasi ukatishe shamba lako la mlimani, kutoka njia ya trekta mpaka barabarani, juu kidogo ya pale jimbo lenu linapoishia na letu linapoanzia. Ukanda wenyewe hauhitaji upana mkubwa. Trekta yako ikipita huko na huko mara chache, kazi imekwisha.

Unajua Mama analala chumba cha chini kinachotazama kilima, kwa sababu ngazi zimemshinda. Mwaka juzi matope ya shamba lako yaliishia kizingitini. Mwaka jana yaliingia ndani, ndara zake zikaelea. Mimi na shemeji yako Roeland tumekubaliana kwamba yakiingia tena mwaka huu, Mama hawezi kuendelea kukaa hapa. Itabidi tumtafutie nyumba ya wazee mjini. Yeye hataki hata kusikia. Anasema alipotoka kwako baada ya Baba kufariki na kuja kwangu, ule ulikuwa uhamaji wake wa mwisho hapa duniani.

Sasa sikiliza kinachonichemsha damu. Ofisi ya kilimo ya upande wetu imetuandikia kwamba kishamba cha Roeland, kile kilicho chini ya chako, kimepakwa zambarau kwenye ramani ya mmomonyoko. Zambarau ndiyo hatari kuliko zote. Ni lazima Roeland apange marobota ya majani makavu ukingoni, ni lazima hiki, ni marufuku kile. Kile kishamba ndipo matope yako yanapopumzika kabla ya kuja kwangu! Nikampigia binti wa ofisini nikamuuliza, na lile la juu je? Akaniambia, "Pale juu ni jimbo jingine, bibi. Hatuna rangi yake." Nimeiona ramani yenyewe. Rangi zinapanda kilima zikifika mpakani zinakoma, na kuanzia hapo ni weupe mtupu.

Nijibu kabla ya Machi.

Dada yako,
Bernadette

*

Sart-la-Haie, 25 Februari 2018

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Josiane naye ameisoma, na amecheka sana pale kwenye masikio, kwa hiyo mmefurahi wote wawili kwa gharama yangu.

Shamba langu ni la kijani. Sijalipaka mimi. Ofisi ya upande wetu imechukua mvua, ikachukua udongo, ikachukua ukali wa mteremko na urefu wake na zao linalopandwa, ikazidisha vyote, na jibu ni kwamba napoteza tani tatu za udongo kwa hekta kwa mwaka. Tani tatu! Hizo hata bustani ya padri inapoteza. Kijani maana yake nipande nipendacho, ukingo hadi ukingo. Leo unataka nikate shamba langu katikati kwa sababu binti wa ofisi yenu ameishiwa rangi?

Na kwa kuwa umeanza wewe, ngoja nimalize mimi. Nani alimwambia Roeland ajenge bondeni? Baba alisimama pale pale na viatu vyake vya mpira akamwonyesha maji yanapopita. Kila mtu wa Sart-la-Haie alijua maji yanapita pale. Halmashauri yenu ikapiga muhuri, nyumba ikasimama, na sasa maji yakipita njia yake ya siku zote kosa ni la Ghislain. Mkikaa mezani mnakula chipsi mpaka mafuta yanawatiririka viwikoni, mkiinuka mnatuita waharibifu wa udongo. Hivyo viazi mnadhani vinaota dukani?

Kuhusu shemeji Roeland, hata mimi namhurumia. Kumpaka zambarau mtu anayepokea matope ya wenzake ni kichaa. Lakini ni kichaa cha jimbo lenu, si changu.

Msalimie Mama. Pasaka nitakuja.

Ghislain

*

Leemdal, 9 Machi 2018

Kaka Ghislain,

Jumanne nilikuwa na wageni. Walikuja wataalamu wawili wa udongo, mmoja wa ofisi yetu, kijana anaitwa Tijl, na mmoja wa ofisi yenu, Bwana Evrard, mwenye ndevu. Walipanda kilima, wakashuka, wakavua viatu mlangoni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba wa kwenu hajui Kiholanzi na wa kwetu Kifaransa chake ni cha kuombea maji. Nani akawa mkalimani? Mimi, na birika mkononi.

Wakafungua kompyuta zao juu ya kitambaa changu cha meza. Wote wana kanuni ile ile, mvua mara udongo mara mteremko mara kadhalika. Nikadhani watamaliza kabla kahawa haijapoa.

"Mteremko unaanzia wapi?" akauliza Tijl.

"Mwanzo wa kila kipande," akajibu Bwana Evrard. "Kilima kile kina vipande saba. Kila kipande kina mwanzo wake na mwisho wake, kwa hiyo miteremko yote ni mifupi."

"Na maji yakifika mwisho wa kipande yanafanya nini?"

"Kwa mujibu wa kanuni yetu, yanaishia hapo."

Nikatafsiri. Tijl akacheka. Kicheko sikukitafsiri.

Vipande saba, Ghislain! Vile ambavyo babu aliwagawia watoto wake, na wewe umevikodi kwa binamu zetu wote ukavilima kama shamba moja, trekta haigeuki mpaka ifike chini kabisa. Kati ya kipande na kipande hakuna hata unyasi mmoja wa kumkwaza panzi. Kwenye kompyuta ya Bwana Evrard maji yanasimama mara saba kwa adabu, na shambani yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye godoro la Mama.

Subiri, kuna la pili. Nikamuuliza Bwana Evrard mwenyewe, je, viazi mmevihesabu? Maana matuta yake yanaelekea chini, kila mfereji ni bomba. Akasema vimehesabiwa kwa wastani, kwa kuwa viazi hupandwa mwaka mmoja kati ya minne, na miaka mingine ni ngano. Kwa hiyo mvua ya Mei ikinyesha inakuta viazi shambani na ngano kwenye karatasi.

Usidhani nimemwacha wa kwetu. Yeye zao hatazami kabisa. Anahesabu kilima kana kwamba kiko uchi, na akitoka hapo anahesabu kila tone linaloshuka kutoka juu. Bwana Evrard akawa mwekundu mpaka masikioni. "Basi hata malisho ya ng'ombe mnayapaka zambarau! Nyasi tupu!" Hiyo niliitafsiri yote, na kwa sauti yake. Tijl akakiri kwamba ndiyo, imeshatokea.

Mwishowe Tijl akafanya jambo ambalo haruhusiwi, akalipitisha shamba lako kwenye kanuni yetu. Jibu likawa tani arobaini. Kilima hicho hicho, udongo huo huo, wa kwenu anasema tatu, wa kwetu anasema arobaini, na wote wawili wana shahada.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, akisikiliza muda wote. Ndipo akasema, "Wanangu, mmeuliza mteremko unaanzia wapi. Unaanzia kwa Ghislain."

Hakuna aliyeliandika hilo. Walimaliza keki yangu ya mchele, wakakubaliana kwamba tofauti ya mbinu kati ya majimbo ni jambo zito linalostahili kikao, na kikao kitakuwa Oktoba. Oktoba viazi vitakuwa vimeshang'olewa na kukaangwa! Nilitamani kuwamwagia birika.

Kwa hiyo ofisi zimeshindwa, tumebaki mimi na wewe. Acha huo ukanda, kaka.

Bernadette

*

Sart-la-Haie, 20 Machi 2018

Bernadette,

Bwana Evrard alipotoka kwako alipita kwangu. Ameniambia jambo ambalo wewe, pamoja na maneno yako yote, ulisahau kuliandika. Hawakuja wenyewe. Kuna mtu wa Leemdal aliyewapigia simu ofisini akawatajia jina langu na shamba langu.

Kumbe ndipo tulipofika. Baba alikuwa na ugomvi na nusu ya kijiji hiki na hata siku moja hakumpeleka mtu ofisini. Wewe umempeleka kaka yako.

Hata hivyo nilimuuliza Evrard, kwa ajili ya Mama na si kwa ajili yako: nikitaka kuacha ukanda, inakuwaje? Akasema ukanda ni wa mashamba mekundu, yale ya hatari kwenye ramani yetu. La kijani halina haki ya ukanda. Nikiuweka kwa hiari yangu, mtu ataniuliza ni wa nini, nami nitajibu nini? Kwamba udongo unashuka? Basi si kijani tena, na vipande vyote saba vitapakwa upya, na hapo hata binamu zetu watanifuata na mapanga.

Nimepewa karatasi inayosema sina kosa. Sitapanda nyasi za kukiri kosa.

Pasaka siji.

Ghislain

*

Leemdal, 2 Aprili 2018

Ghislain,

Jana Mama alikuandalia sahani ya Pasaka. Nilitaka kuiondoa akanizuia, tukala tukiitazama.

Ndiyo, ni mimi niliyepiga simu. Ningepiga tena leo kama ofisi zingekuwa wazi.

Roeland ana wazo, na yeye hakasiriki kama mimi, kwa hiyo msikilize. Ile mashine inayofungwa nyuma ya trekta ya kupandia, inayojenga vizuizi vidogo vya udongo kati ya tuta na tuta ili kila mfereji ushike maji yake, anayo. Jimbo letu limemlazimisha kuwa nayo kwa kishamba ambacho hata mpira wa watoto haubingiriki. Anasema atakuletea mwenyewe, atakufungia mwenyewe. Hakuna nyasi, hakuna anayekiri chochote, ukipita barabarani huoni tofauti. Majani ya viazi yakifunika matuta, siri imezikwa.

Sema ndiyo. Neno moja tu, nitakuacha upumzike.

Bernadette

*

Sart-la-Haie, 23 Aprili 2018

Bernadette,

Viazi vimeingia ardhini Ijumaa. Udongo ulikuwa tayari, nisingeweza kungoja.

Mwambie shemeji asante. Lakini mashine ya sheria za kwenu siwezi kuivuta kwenye ardhi ya Baba kijiji kizima kikinitazama. Wangenicheka mpaka mavuno.

Wanasema Mei itakuwa kavu.

Ghislain

*

Sart-la-Haie, 2 Juni 2018

Bernadette,

Tangu juzi napiga simu, hakuna anayepokea. Juzi mchana niliona wingu likija kutoka upande wa kanisa. Nikakimbilia ghalani, na mvua ile ya mawe ilipoanza sikuuona hata uwanja wa nyumba yangu. Josiane alishuka kwenu kwa miguu, zimamoto wakamrudisha pale barabara ilipofungwa. Amerudi na tope mpaka magotini na hadi sasa hasemi na mimi.

Tukane ukitaka. Lakini niambie Mama yuko wapi.

Ghislain

*

Leemdal, 7 Juni 2018

Ghislain,

Mama ni mzima. Umeuliza hilo, nimekujibu.

Nilikuwa dukani mjini na Roeland alikuwa anahangaika na marobota yake. Mama alikuwa amejilaza baada ya chakula. Matope yalishuka na viazi vyako, vile vile vya mbegu, vimeanza kutoa majani, vikabingirika mpaka barazani. Tope likajaa mlangoni kwa nje, mlango ukagoma kufunguka. Akapanda kitandani. Tope likapanda naye. Zimamoto walipovunja dirisha walimkuta amesimama juu ya mto, miaka themanini na minne, ameshikilia pazia kwa mikono miwili. Ilibidi wamkunjue vidole kimoja kimoja. Hakulia. Aliwauliza tu kama yanaendelea kuja.

Yuko kwenye nyumba ya wazee mjini, kwa muda, tunasema. Chumba chake kina tope mpaka kwenye swichi ya taa.

Sasa nikuambie jambo, kwa sababu nimechoka kulibeba. Simu ile ya ofisini sikupiga mimi. Mama ndiye aliyepiga. Alizipigia ofisi zote mbili, kwa lugha zote mbili, akajitambulisha kwamba yeye ni mama mzazi wa mwenye shamba na anaomba mwanawe akemewe. Akanisihi nisikuambie, kwa sababu alitaka uje Pasaka. Uliponishuku nikakuacha udhani hivyo, baadaye nikakubali ni mimi, ili umchukie dada yako, si mama yako. Hukuja hata hivyo.

Ofisi yetu imeshafika, imepiga picha, na jana Roeland amepokea onyo: marobota yake hayakufikia kimo kinachotakiwa kwa shamba la zambarau. Nilicheka mpaka akaninyang'anya ile barua. Ofisi yenu haijaja. Itakuja kufanya nini? Shamba la kijani halimomonyoki.

Bernadette

*

Sart-la-Haie, 10 Septemba 2018

Dada yangu Bernadette,

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika mpaka niwe nimelifanya.

Kesho yake baada ya barua yako nilipanda mlimani na trekta. Viazi vilivyosalia vilikuwa vinakaribia kutoa maua. Nikavifukia, upana wote, kutoka njia ya trekta mpaka barabarani, nikasawazisha matuta, nikamwaga mbegu za nyasi. Watu walisimama ukingoni wakinitazama. Mmoja akauliza kama nimelewa. Nikamwambia bado, lakini jioni nitalewa. Julai ilikuwa kavu kama hujawahi kuona, mbegu zikakataa, nikazipelekea maji kwa tenki la ng'ombe mpaka majirani wakaacha kucheka na kuanza kunionea huruma. Agosti zikatoka. Sasa ni ukanda, Bernadette. Ukanda wa kweli, mguu ukizama unasikia nyasi.

Na masika naichukua mashine ya shemeji. Nitaipitisha katikati ya kijiji Jumapili watu wakitoka kanisani, anayetaka kucheka acheke hadi meno yamdondoke.

Halafu wiki iliyopita akaja mkaguzi. Ana picha iliyopigwa kutoka angani. Anasema shamba langu limeandikishwa viazi ukingo hadi ukingo, na katikati anaona kitu ambacho hakikuandikishwa. Nikamwambia ni nyasi za kuzuia udongo usiende kumzika mama yangu. Akatazama karatasi zake akasema, "Lakini hapa ni kijani, bwana. Hakuna udongo wa kuzuia." Ameniandikia kosa! Miaka yote udongo umeshuka sikuandikiwa kitu, nimeuzuia nimekuwa mkosaji. Sijawahi kukasirika hivi tangu nizaliwe. Nilimwambia aliandike kwa herufi kubwa, na kwamba akitaka ule ukanda utoke aje aung'oe kwa meno yake.

Nilisema sana mwaka huu mambo ya nyumba yenu na bonde. Baba alisema kweli kuhusu bonde. Lakini mimi nililima nikijua nani analala huko chini, na hilo halina karatasi ya kunifunika.

Mwambie Mama ukanda unaonekana kutoka dirishani kwake. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na gari, nitamchukua mjini mimi mwenyewe na kumrudisha chumbani kwake.

Ghislain

*

Leemdal, 17 Septemba 2018

Kaka yangu,

Roeland ametia sakafu mpya na kupaka rangi. Nimesimama pale dirishani nikautazama ukanda wako. Nilidhani nitafurahi, nikajikuta nimekasirika upya, kwa sababu ni mdogo mno. Ukifumba jicho moja unaufunika kwa kidole. Kitu kidogo namna hiyo, na majimbo mawili na kaka mmoja walishindwa.

Jana nilienda kumwona Mama. Nikamwambia, "Ghislain ameotesha nyasi."

Akauliza, "Kwenye karatasi au shambani?"

"Shambani, Mama. Zimeota kweli, nimeziona."

 Nje kulikuwa na wingu, si la mvua hata, akaniomba nifunge pazia. Mama, Ghislain! Yeye ambaye mvua ya mawe ilikuwa ikimkuta anaanua nguo na kuitukana. Siku hizi wauguzi wanamwambia utabiri wa hali ya hewa kabla ya chai, la sivyo hagusi chakula.

"Mwambie amefanya vizuri," akasema. "Mwambie kosa aliloandikiwa nimelisikia, na nimewatukana kwa niaba yake."

Nikamwambia unakuja kumchukua. Nikamweleza sakafu, nikamweleza rangi, nikasema matope hayatashuka tena, na yakishuka ni kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hapo nikajua.

"Mimi huko sirudi," akasema.

Hakusema kwa hasira. Hasira tumebaki nazo mimi na wewe. Kwa hiyo Jumamosi usipite huku, nenda moja kwa moja mjini. Usimtafute kwenye chumba kile cha mwanzo, amehama. Yuko ghorofa ya tatu. Aliomba mwenyewe.

Bernadette